Yoda, mwalimu wa sentimita 66

Ni walimu wachache wa Star Wars waliofundisha muda mrefu kama Yoda. Aliwafunda mashujaa wa Jedi kwa miaka 800, na alipofariki katika Return of the Jedi, filamu ya mwaka 1983, alikuwa ametimiza miaka 900. Kimo chake sentimita 66: hata roboti R2-D2 anamzidi.

Mtihani mgumu kuliko yote aliowahi kutoa ni ule wa subira, na kijana Luke Skywalker, anayetaka kuwa Jedi, anaufeli kabla hajajua kuwa umeanza. Anatua kwenye vinamasi vya Dagobah akimtafuta shujaa wa vita. Anayemkuta ni kizee cha kijani chenye masikio marefu, kinachopekua mizigo yake, kinaonja chakula chake na kukidharau, kisha kinang'ang'ania taa ndogo na kumchapa R2-D2 kwa mkongojo. Luke anafoka. Kumbe mwalimu ndiye huyo huyo, na ameshamsoma kijana wa watu mpaka ndani. Katika mfululizo mzima sijaona mhusika aliyeingizwa kwa ustadi kupita huu.

Huyo Yoda wa The Empire Strikes Back, mwaka 1980, alikuwa kikaragosi. Mwingereza Stuart Freeborn alimchonga uso akianzia na uso wake mwenyewe, akaongeza mikunjo ya Albert Einstein. Katika studio za Elstree, karibu na London, sakafu iliinuliwa ili Frank Oz ajibane chini yake, mkono ndani ya kichwa cha Yoda, huku wasaidizi wakichezesha macho na masikio. Juu yake Mark Hamill aliigiza karibu peke yake, na tukamwamini. Alec Guinness aliteuliwa kuwania Oscar kwa kuigiza Obi-Wan, Jedi mwingine. Oz, aliyeupa mpira uhai, hakuteuliwa. Katika historia ya filamu hizi sijui dhuluma kubwa kuliko hiyo.

Pambano lake lililoshangiliwa sana ni la Attack of the Clones, 2002, ambapo Yoda wa kompyuta anamrukia adui yake Count Dooku, aliyeigizwa na Christopher Lee. Mimi hupenda zaidi kinachofuata: vita vikiisha, mzee anauita mkongojo wake na kuuegemea tena.

Anguko lake nalo halina mfano. Palpatine, adui aliyejificha, alikaa karibu naye miaka na miaka, naye asimtambue, hadi Jedi wakachinjwa na yeye akakimbilia Dagobah. Ndiyo maana somo lake lililo zito kuliko yote lilikuja baada ya kifo, katika The Last Jedi, 2017, kikaragosi kikiwa kimerudi mikononi mwa Oz. Anamkuta Luke amezeeka, amejifungia kisiwani kwa aibu ya mwanafunzi aliyempotea, na anamwambia kwamba kushindwa nako ni urithi wa kuwapa wanafunzi. Ni mwalimu aliyepoteza kizazi kizima ndiye aliyekuwa na haki ya kulisema hilo.