Utafiti wa Daktari Denis Mukwege juu ya Fistula ya Wanawake

Fistula ni tundu lisilo la asili linalounganisha viungo viwili vilivyopaswa kutengana. Katika mwili wa mwanamke huweza kutokea baina ya uke na kibofu cha mkojo, au baina ya uke na njia ya haja kubwa. Mgonjwa huvujwa na mkojo au kinyesi usiku na mchana pasipo kujizuia. Mara nyingi maradhi huandamana na aibu na upweke: mume humwacha, majirani humkwepa. Kiswahili cha vitabu kina neno nasuri, lakini hospitalini fistula ndilo jina lililoenea, nalo ndilo linalotumika hapa.

Chanzo chake kikongwe ni uzazi uliokwama. Kichwa cha mtoto kikikaa siku mbili au tatu katika nyonga ya mama bila kupita, huibana nyama laini kwenye mifupa. Damu haifiki tena, nyama hufa, na baada ya siku kadhaa hubanduka na kuacha tundu. Mara nyingi mtoto naye huzaliwa amekufa. Mama akipasuliwa mapema, msiba huo huepukika.

Denis Mukwege, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, alihitimu udaktari nchini Burundi mwaka 1983, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini. Nia yake ilikuwa kuwatibu watoto. Hata hivyo, hali ya akina mama walioletwa wakiwa wameumia katika kuzaa ilimgeuza nia, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha akarudi Lemera mwaka 1989. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali hiyo ilishambuliwa vitani, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, akikusudia wanawake wapate mahali salama pa kujifungulia. Lakini mgonjwa wake wa kwanza pale hakuja kujifungua: alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi.

Tangu hapo Panzi ilipokea makundi mawili ya wagonjwa: walioumizwa na uzazi na walioumizwa na vita. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba kila mwenye fistula katika Kivu amebakwa. Mwaka 2008 Mukwege na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 604 wa fistula waliopokelewa kati ya Novemba 2005 na Novemba 2007. Kati yao 24, yaani asilimia 4, walieleza kwamba fistula yao ilitokana na ubakaji. Habari za kila mmoja zilipochunguzwa, ilionekana kuwa 5 walijeruhiwa moja kwa moja na kitendo chenyewe. 6 walikuwa na fistula kabla ya kubakwa. 9 waliipata kutokana na upasuaji au matibabu mabaya, mathalani baada ya mimba ya ubakaji kuharibika. Na 4 baada ya uzazi uliokwama.

Hesabu hiyo yahitaji kusomwa kwa uangalifu. Haipunguzi hata kidogo uzito wa ubakaji, kwa sababu wengi wa waliobakwa hawapati fistula. Mwaka 2009 Mukwege alishiriki kuandika makala nyingine iliyoeleza ukatili huo kuwa ugonjwa mpya wa Kivu ya Kusini: ubakaji wa makundi, mbele ya jamaa, na kwa kutumia vitu vya kujeruhi. Kinachofunuliwa na hesabu ya mwaka 2008 ni kwamba chanzo kikuu cha fistula kilibaki kuwa kile cha zamani, yaani mama kukosa msaada wa kujifungua.

Kubainisha chanzo kuna faida kwa mpasuaji pia. Fistula ya uzazi huzungukwa na nyama iliyokufa na makovu. Ya jeraha yaweza kugusa kibofu na njia ya haja kubwa kwa pamoja. Jaribio la kwanza la kushona ndilo lenye matumaini makubwa kuliko yote, na hata tundu likizibika, mkojo waweza kuendelea kuvuja iwapo misuli ya nyonga iliharibika. Ndiyo maana tasnifu ya udaktari wa falsafa ambayo Mukwege aliitetea mwaka 2015 katika Chuo Kikuu Huru cha Bruxelles, Ubelgiji, ilishughulikia fistula za majeraha mashariki mwa Kongo: vyanzo vyake, kuzipanga katika aina, na kuzitibu.

Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, kwa juhudi za kupinga ubakaji kama silaha ya vita. Umaarufu huo usifunike upande wa pili wa kazi yake. Utafiti wa Panzi waonyesha kwamba amani peke yake haitaimaliza fistula. Panahitajika pia mkunga aliyefunzwa, barabara ipitikayo, na chumba cha upasuaji ambacho mama aliyekwama atakifikia kabla ya siku ya pili.