Kichanga Kalazwa: Kazi ya Wazazi Wodini (Sehemu ya Pili)

Kasongo inajulikana katika vitabu vya tiba kuliko wenyeji wake wanavyodhani. Mwaka 1971, miaka saba kabla ya mkutano wa Alma-Ata juu ya afya ya msingi, madaktari wa Zaire (Kongo ya leo) na wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, walianza hapa jaribio la kuunganisha vituo vya afya vya vijijini na hospitali moja ya rufaa chini ya mpango mmoja. Zoni za afya tulizo nazo leo nchi nzima zilijifunza mengi kutoka hapo. Katika kazi hiyo waliwafuatilia wajawazito waone kama historia ya uzazi ya mama inaweza kutabiri nani atakwama katika uchungu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984, na hadi leo hutajwa darasani: kati ya kila wanawake 100 waliokwama, 71 hawakuwa wametabiriwa, na kati ya kila 100 walioandikwa kuwa wana hatari, 90 hawakukwama.

Uchungu uliokwama ni njia mojawapo kuu ya mtoto kuzaliwa amechoka, asiyelia wala kupumua vizuri. Kwa hiyo wengi wa wazazi wa vichanga waliolazwa, ninaowazungumzia leo, walienda CPN (kliniki ya wajawazito), wakaambiwa mambo yote ni sawa, wakarudi nyumbani kusubiri furaha. Hawakuandaa nauli wala mtu wa kubaki na watoto wengine. Mimi sioni faida ya kumwambia mama yeyote kwamba yeye hana hatari. Kila familia ijiandae kwa safari ya hospitali, hata kama mimba tano zilizotangulia zilikwenda salama.

Wiki iliyopita tulitaja dalili za kumtoa mtoto nyumbani mbio: kukataa ziwa, kupumua haraka au kwa kukoroma, mwili kuwa baridi au wa moto, degedege, manjano inayofika nyayoni. Kabla hatujaingia wodini, neno moja juu ya njia. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 100 ukipima kwa rula juu ya ramani, na barabara zetu hazifuati rula. Kabambare ina hospitali yake ya rufaa, kwa hiyo si kila mtoto lazima afike Kasongo. Lakini kutoka kijijini kwenda hospitali yoyote, kinachombeba mtoto mara nyingi ni pikipiki au baiskeli, na upande wa Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, makundi yenye silaha yamefunga njia zaidi ya mara moja. Mtoto wa kilo moja na nusu hupoteza joto upesi sana. Akifika na joto la 34, badala ya 36.5 au zaidi, muuguzi ataanza kupambana na baridi kabla hajaugusa ugonjwa wenyewe. Asisafiri amefungwa blanketi peke yake mikononi mwa shangazi. Akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kikwembe kikiwafunga wote wawili. Na mama akiweza kusafiri, asiachwe nyuma. Tukimpeleka mtoto na bibi tu, tumeyaacha maziwa yake kijijini.

Mlangoni mwa hospitali ndipo wengi wanapotenganishwa. Mtoto huchukuliwa ndani, mama aliyepasuliwa hulala jengo jingine, baba hupewa karatasi ya dawa za kutafuta. Wauguzi ni wachache, usiku ni wachache zaidi, na wakiongea wao kwa wao juu ya mtoto huongea Kifaransa. Mzazi anasoma nyuso tu. Ninaamini kimya hiki huumiza kuliko bili, na kukiondoa hakuhitaji fedha ya mfadhili yeyote. Kwa hiyo nieleze baadhi ya mambo ambayo mzazi huyaona akayaogopa.

Mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni ni wa kumpa maziwa mtoto ambaye bado hajui kunyonya na kumeza kwa pamoja. Haumaanishi kwamba anakufa. Taa ya buluu ni ya kuondoa manjano. Macho hufunikwa kuyalinda tu, na jua la asubuhi haliwezi kufanya kazi ya taa hiyo. Sindano za ampisilini na jentamisini huendelea siku kadhaa hata mtoto akionekana mzima, na kuzikatisha ni kuyarudisha maambukizo. Kupungua uzito katika siku za kwanza ni jambo la kawaida. Aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kuchukua wiki mbili kuurudia uzito wake wa kuzaliwa. Njiti huweza pia kusahau kupumua kwa sekunde kadhaa. Mama akiliona hilo amsugue nyayo au mgongo na kumwita muuguzi papo hapo. Ndiyo sababu moja ya kutaka mama awe karibu: jicho lake halina zamu.

Wapo wanaosema hospitali isiyo na kuvezi (sanduku la joto) haiwezi kumwokoa njiti. Mwaka 1978, mjini Bogotá, nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na kuvezi chache, watoto wawili au watatu wakilazwa katika moja na kuambukizana. Akawaweka vifuani mwa mama zao. Njia hiyo, inayoitwa ya kangaruu, kwa miaka mingi ilitazamwa kuwa dawa ya maskini, na ilianzwa tu baada ya mtoto kutulia. Kisha Shirika la Afya Duniani likaijaribu katika hospitali za nchi tano, Tanzania na Malawi zikiwemo, kwa watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8, wakianza mara baada ya kuzaliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Waliokaa kifuani tangu mwanzo, kwa wastani wa saa 17 kwa siku, walikufa 12 kati ya 100. Waliosubiri kwanza watulie walikufa karibu 16. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka uliofuata Shirika likapendekeza saa 8 hadi 24 kila siku.

Tazama maana yake kwa Kasongo na Kabambare, ambako jenereta hunyamaza na sola huchoka. Kifua hakihitaji mafuta. Lakini kinahitaji kitanda cha mama pembeni ya mtoto, na hapo ndipo uongozi wa hospitali unapaswa kuulizwa: je, mama huyu mnamhesabu mgonjwa, mtoa huduma au mgeni? Akihesabiwa mgeni atafukuzwa saa ya kutembelea ikiisha. Na mama akienda kuoga au kulala, baba na bibi wana vifua vyao. Mapacha wanahitaji viwili. Najua mwanamume wa kwetu atachekwa akikaa wodini kifua wazi na kichanga ndani ya kikwembe. Acha wacheke.

Maziwa nayo yakamuliwe tangu siku ya kwanza, kila saa mbili au tatu, hata kama ni matone ya dang'a, na mtoto anayeweza kumeza anywe kwa kikombe kidogo safi. Anayekamua lazima ale: wali, bukari, sombe, na maji mengi. Ndugu wanaouliza nini walete wasilete soda.

Baba akifika mapokezi aulize mapema kama hospitali imeingizwa katika mpango wa uzazi wa bure uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023 na unaoenezwa mkoa kwa mkoa, maana unagusa pia matibabu ya kichanga. Hofu ya kuzuiliwa kwa deni, jambo lililozoeleka mno nchini, huwafanya wengi wachelewe katika siku za mwanzo, zenye thamani kuliko zote.

Kuna pia mzigo usioandikwa kwenye faili. Mama huulizwa alikula nini, alitembea wapi, nani alimfanyia. Malaria, presha, maambukizo na mimba ya mapacha huleta njiti. Mara nyingi sababu haijulikani kabisa, na mumewe ndiye wa kusimama akayasema hayo mbele ya ukoo.

Ibada nazo zina nafasi. Kwa Waislamu, adhana inaweza kusomwa sikioni bila kumtoa mtoto kifuani. Akika ya siku ya saba wanazuoni wameruhusu isogezwe hadi ya 14 au ya 21. Na kwa Wakatoliki, mtoto akiwa hatarini muuguzi yeyote anaweza kumbatiza. Familia nyingine humnyima jina hadi waone kama atabaki. Naielewa hofu hiyo, ila sheria ya Kongo inatoa siku 90 za kuandikisha uzazi bure, na wodi huweza kuzila nyingi. Siku ya kutoka, pamoja na tarehe ya kurudi kumpima uzito, baba aombe cheti cha kuzaliwa cha hospitali na kukipeleka ofisi ya uraia kabla siku hizo hazijaisha.