Daraja la Rusumo: Jina Moja, Serikali Mbili

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Daraja nalo halisimami kwa ukingo mmoja. Ningependa kueleza jinsi daraja la Rusumo linavyowaunganisha majirani wa Tanzania na Rwanda.

Mto Kagera, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ziwa letu sote, ndio mpaka wa nchi hizo mbili pale Rusumo. Upande mmoja ni Rusumo ya wilaya ya Ngara, Tanzania. Ng'ambo ni Rusumo ya wilaya ya Kirehe, Rwanda. Jina moja, serikali mbili!

Daraja la zamani, lililojengwa mwaka wa 1972, lilikuwa jembamba. Malori hayakuweza kupishana. Moja likipita, mengine yanangoja. Tena daraja hilo liliona machungu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka kuingia Tanzania kwa muda wa saa 24 hivi. Majirani wa Ngara waliwapokea.

Sasa je, ni nini kilichobadilika? Kwa msaada wa Japani kulijengwa daraja jipya la mita 80, lenye njia mbili. Tarehe 6 Aprili 2016, Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walilizindua pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani. Hapo ndipo penye siri, ndugu msomaji. Zamani dereva alisimama mara mbili: kwanza anakotoka, halafu anakoingia. Siku hizi husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia. Maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. Huyu agonga mhuri wa kutoka, yule wa kuingia. Kituo kama hicho tunacho hata sisi kule Busia. Bila mapatano hayo, foleni ingehama tu kutoka darajani hadi mlangoni pa ofisi.

Wafanyabiashara wadogo nao hawakusahauliwa. Kwa utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa za kanda hii zisizozidi dola 2,000 hutumia karatasi rahisi zinazotolewa papo hapo mpakani.

Lakini hao wote, dereva, ofisa na mama muuza mchele, wanaelewana kwa lugha gani? Mara nyingi ni Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka wa 2017. Kwa hivyo wale wanaotuuliza, "Chama cha Kiswahili kitawapeleka wapi?" tuwajibu bila kusitasita: kitatuvusha mpaka. Saruji huvusha magari, lakini lugha ndiyo inayowakutanisha watu.

Kiswahili kitukuzwe!