Kutoka Juu Kwenda Chini: Mshangiliaji Anapobadilishiwa Nafasi (Sehemu ya Tatu)

Katika makala mbili zilizotangulia nilieleza jinsi mchezo wa ushangiliaji ulivyoanza mwaka 1898, pale mwanafunzi Johnny Campbell alipowaongoza wenzake kuishangilia timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota, na jinsi kazi ya kuchangamsha uwanja ilivyogeuka kuwa mashindano yenye majaji na alama, hadi mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua kikamilifu shirikisho lake la dunia. Leo tuache historia, tuingie ndani ya timu.

Mpwa wangu anaishi Texas na wazazi wake. Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa yule mdogo anayenyanyuliwa, anayesimama kwa mguu mmoja juu ya viganja vya wenzake huku akitabasamu kana kwamba yupo sebuleni kwao. Alipotimiza miaka 14 akarefuka ndani ya likizo moja. Kocha akamwita pembeni, akamwambia kuanzia wiki inayofuata atakuwa chini, anabeba. Usiku huo alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona sauti imelala hivyo?"

"Mjomba, wamenishusha."

Kwa Kiswahili aliyeshushwa ni yule aliyeondolewa mahali pa juu, na pia ni yule aliyepunguziwa cheo. Mtoto alilisema neno hilo kwa maana zote mbili. Ya kwanza ni kweli. Ya pili ndiyo iliyonifanya niandike sehemu hii, kwa sababu katika miezi iliyofuata, nikizitazama video alizokuwa akinitumia, niliona kwamba kazi aliyopewa ilikuwa ngumu kuliko ile aliyoiacha, tena ngumu mahali ambapo sikupategemea. Nilidhani mikono ndiyo itakayomshinda. Kumbe ni macho.

Kwanza tuelewane nani ni nani. Kikundi cha kunyanyua kwa kawaida kina watu wanne. Juu yupo mmoja, ambaye vijana wenyewe humwita flaya. Chini yake wapo wawili wanaotazamana, nao huitwa besi. Jina hilo linanifurahisha, maana aliyeimba kwaya anajua kuwa besi ndiyo sauti isiyosifiwa na mtu mpaka Jumapili isipokuwepo. Wa nne ni mlinzi wa nyuma, mara nyingi mrefu kuliko wote. Huyu hushika vifundo vya miguu vya flaya na kuvivuta kwenda juu ili kuwapunguzia besi uzito, huhesabu kwa sauti, na mambo yakiharibika ndiye wa kwanza kukinga kichwa na mabega. Vikundi kadhaa vya namna hii hufanya kazi kwa pamoja juu ya sakafu yenye springi iliyotandikwa zulia, upana futi 54 na kina futi 42, kwa muda usiozidi dakika mbili na nusu, muziki ukihesabiwa nane nane. Msomaji aliyewahi kuchezeshwa halaiki anaijua hesabu hiyo: moja hadi nane, kisha moja tena, na anayechelewa kwenye tano anaonekana na uwanja mzima.

Sasa tuyarudie macho.

Flaya hufundishwa tangu siku ya kwanza asitazame chini. Kichwa ni kizito. Kikiinama kifua kinakifuata, makalio yanatoka nyuma na mnara wote unayumba. Kwa hiyo macho yake huyapeleka mbele, kwa majaji na juu ya vichwa vyao. Mpwa wangu alifanya hivyo miaka mitano, mpaka ikawa si jambo la kukumbuka tena. Siku anapogeuzwa besi anatakiwa afanye kinyume kabisa: macho yasimtoke mtu wa juu, yakae kwenye kiuno na kifua chake, hata mikono ikitetemeka, hata jasho likiingia jichoni.

Sababu yake msomaji anaweza kuipima nyumbani. Chukua ufagio wa mpini mrefu, usimamishe juu ya kiganja. Ukitazama kiganja, ufagio utaanguka kabla hujapiga hatua. Ukitazama ncha ya juu, utatembea nao mpaka uani. Kuyumba huonekana juu mapema, kungali kudogo na kunarekebishika. Mkono ukija kuhisi, muda umeshapita. Kisha weka ufagio chini, ujaribu kusimamisha kamba. Hapo utaelewa kwa nini flaya hupigiwa kelele abane mwili kuanzia kisigino hadi shingo. Walio chini wanaweza kusawazisha ufagio. Kamba hakuna awezaye.

Katika video ya kwanza aliyonitumia, mpwa wangu ananyanyua vizuri tu. Magoti yanakunjwa, mgongo umesimama wima, mikono inanyooka. Halafu, kwenye hesabu ya saba, kidevu chake kinageuka mbele na anatabasamu. Anawatabasamia majaji ambao hawapo, ndani ya ukumbi mtupu wa mazoezi, na juu yake mtoto wa watu ameshaanza kulalia kushoto. Mlinzi wa nyuma akamvuta, wakamtua salama. Niliirudia sehemu hiyo mara nne. Shingo ilikuwa bado inaamini kwamba ipo juu.

Baada ya macho, kudaka. Hapa naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, maana bila hesabu jambo hili huonekana kama ukali wa makocha tu. Tuseme flaya ana kilo 45 na ameanguka mita mbili kabla ya kuigusa mikono ya wenzake. Anafika akiwa na mwendo wa kilomita 22 hivi kwa saa. Wadakaji wakiinua mikono kumpokea angali juu, kisha wakashuka naye kwa magoti mpaka asimame ndani ya nusu mita, nguvu wanayoipokea kwa wastani ni mara tano ya uzito wake, yaani sawa na kilo 225 zinazogawanywa kwa watu watatu. Wakimngoja afike kifuani na kumsimamisha ndani ya robo mita, inakuwa mara kumi: kilo 450. Mtoto ni yuleyule na urefu ni uleule. Kilichobadilika ni sentimita 25 za mikono iliyochelewa kuinuka, na gharama yake inalipwa na viwiko vya waliodaka na mgongo wa aliyedakwa.

Flaya wa zamani huchelewa hapo karibu kila mara. Tangu utotoni yeye ndiye aliyepokewa. Kazi yake ilikuwa kulaza mwili na kuiacha mikono ije. Sasa yeye ndiye anayepaswa kumfuata mtu hewani. Mpwa wangu aliniambia kuwa wiki za mwanzo alikuwa anamngoja mwenzake "kama ninavyongoja basi". Nilicheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nguvu nimeiweka mwisho, na najua wapo makocha watakaobisha. Sisemi haihitajiki. Mikono iliyonyooka juu ya kichwa huku imebeba mtu inataka mabega yaliyozoezwa, na vifundo vya mikono vya binti yule viliuma wiki tatu mfululizo kwa kukunjwa nyuma chini ya soli ya kiatu. Lakini kunyanyua kwenyewe kunafanywa na mapaja: wote watatu wanachuchumaa kwa hesabu moja na kuinuka kwa hesabu moja, na flaya naye anajisukuma kutoka chini kwa wakati huohuo. Wakipatana kwenye hesabu, wasichana wa kawaida wanampandisha mwenzao bila kukunja uso. Wasipopatana, hata wenye misuli watahangaika, kwa kuwa mmoja atakuwa ananyanyua peke yake wakati wengine bado wanashuka.

Aliyewahi kutazama vijana wa sarakasi wakijenga mnara ufukweni, Mombasa au Dar es Salaam, ameliona hili kwa macho yake. Makofi yanakwenda kwa kitoto kilicho juu, lakini hakuna anayepanda kabla wa chini hajakaza miguu.

Lipo pia jambo ambalo aliyetoka juu huja nalo, na besi wa siku zote hana. Anajua soli ya mguu inahisi nini. Besi asiye mtulivu huhamisha vidole, akitafuta pa kushika vizuri zaidi. Yeye anaona amesogeza kidogo tu, lakini kwa aliye juu ni kama ngazi kutikiswa. Mpwa wangu hakuhitaji kufundishwa hilo. Akishashika, mkono hauchezi. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu flaya wa zamani, akishavuka miezi michache ya aibu, mara nyingi huwa besi mzuri kuliko yule aliyechaguliwa kwa sababu ya mabega mapana.

Safari ya kwenda upande wa pili, kutoka chini kwenda juu, sina mengi ya kusema juu yake. Besi anayepandishwa hukunja goti, kwa kuwa kwake yeye kazi yote ilikuwa kwenye magoti, wakati kule juu goti linatakiwa likazwe kama mlingoti. Tena hutazama chini, si kwa woga tu: anataka kuona kama wenzake wanafanya sawasawa. Msimamizi aliyepandishwa jukwaani haachi usimamizi wake siku moja.

Mabadiliko mengine hayampi mtu hata miezi. Mwaka 2019, kwenye mashindano ya vyuo huko Daytona Beach, Florida, timu ya Navarro College ya Corsicana, Texas, ilisimama katikati ya onyesho baada ya mmoja wao kuumia. Wanaoingia zuliani ni 20 tu, wakati timu nzima ni kubwa kuliko hapo, na mmoja wa waliobaki nje akaivaa nafasi ya mwenzake. Wakaanza upya, wakatwaa ubingwa. Dunia ililiona tukio hilo mwaka uliofuata katika mfululizo wa Netflix uitwao Cheer. Watazamaji wengi waliuita muujiza. Mimi niliwatazama wale wa akiba katika vipindi vya mazoezi vilivyotangulia: wamesimama kando, midomo inahesabu, mikono inafuata hesabu za watu wengine.

Neno moja kwa wazazi, hasa ndugu zetu walioko Marekani ambao watoto wao wamejiunga na timu hizi na hawajui waulize nini. Kikundi kilichobadilishwa mtu mmoja ni kikundi kipya, hata kama watatu waliobaki wamecheza pamoja miaka minne. Kocha anayeijua kazi yake hurudi nacho chini: kiunoni kwanza, halafu mabegani, na mikono kunyooshwa juu ya kichwa mwisho kabisa, tena juu ya magodoro, na mlinzi wa ziada akiwa mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Pediatrics kuhusu shule za sekondari za Marekani ulikuta kwamba karibu theluthi moja ya majeraha ya washangiliaji yalikuwa mtikisiko wa ubongo. Kwa hiyo ukiambiwa mwanao amebadilishiwa nafasi Jumatatu na Jumamosi atafanya yaleyale ya juu ya kichwa mbele ya watu, uliza kwa nini, na usione haya kumzuia mpaka upewe jibu. Dada yangu aliuliza. Kikundi cha binti yake kikakaa wiki tano bila kuvuka mabega, na binti akanuna wiki zote tano.

Walishindana Februari. Hawakumwangusha mtu. Katika video ya siku hiyo, muda wote ambao mwenzake yupo juu, uso wa mpwa wangu hauonekani hata mara moja. Kinachoonekana ni kidevu, kimeelekezwa kwenye dari.

Wiki ijayo: jinsi majaji wanavyotoa alama, na wanavyozikata.