Mafahali Wawili Katika Zizi Moja: Mifumo Endeshi Miwili Katika Tarakilishi

Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika ulimwengu wa tarakilishi, hata hivyo, mafahali hao hukaa pamoja mradi zizi ligawanywe na kila mmoja awe na upande wake. Makala haya yanalenga kufafanua namna Windows na Linux zinavyoweza kusakinishwa katika tarakilishi moja bila kazi ya mwenye tarakilishi kuangamia.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia diski, kumbukumbu, kibodi na programu nyingine zote. Wengi wetu tumeizoea Windows ya kampuni ya Microsoft. Linux nayo ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Hupatikana bila malipo katika matoleo mengi. Mojawapo ni Ubuntu, lililozinduliwa mwaka 2004. Mwanaisimu hatakosa kutambua katika jina hilo, lililotoka Kizulu na Kixhosa, shina lile lile lililotupa sisi "mtu" na "utu".

Kwa nini mtu ahitaji mifumo miwili? Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10, ilhali tarakilishi nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux huzipa tarakilishi hizo mfumo unaoendelea kupokea marekebisho ya usalama. Aidha, mwenye programu zisizofanya kazi ila katika Windows hubaki nazo.

Siri ya ujirani huu ni mambo mawili. Kwanza, diski hugawanywa na kila mfumo ukapewa sehemu yake. Pili, mifumo hii haifanyi kazi kwa wakati mmoja. Tarakilishi inapowashwa, programu ndogo iitwayo GRUB huonyesha orodha, na mtumiaji huchagua mfumo autakao. Akitaka ule mwingine, sharti aizime tarakilishi na kuiwasha upya.

Utaratibu wa usakinishaji una mfuatano wake. Kabla ya yote, nakala za faili zote zihifadhiwe nje ya tarakilishi hiyo. Tasnifu ya miaka miwili yaweza kutoweka kwa kubofya mara moja tu. Iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wake wa dharura unakiliwe kando. Kisha, ndani ya Windows yenyewe, sehemu yake ya diski ipunguzwe ili kuacha nafasi tupu. Kwa Ubuntu, gigabaiti 25 ni kiasi cha chini. Kipengele cha Windows cha kuwasha kwa haraka nacho kizimwe, kwa kuwa huiacha sehemu yake katika hali ya usingizi, na Linux ikashindwa kuandika humo kwa usalama.

Baada ya hapo, tarakilishi huwashwa kwa flashi iliyotiwa Ubuntu. Hapa ndipo penye hatari kuu. Kisakinishi hutoa chaguo la kuweka Ubuntu kando ya Windows, na jingine la kufuta diski nzima. La pili halina huruma: hufuta Windows pamoja na faili zote. Ni vyema pia Windows itangulie kusakinishwa, kwani ikija baadaye aghalabu hujitanguliza na kuificha orodha ya GRUB.

Majirani hawa wana tofauti ndogo ndogo. Linux husoma sehemu ya Windows, lakini Windows haisomi sehemu ya Linux bila programu ya ziada. Kwa hivyo, faili za pamoja ziwekwe upande wa Windows. Vilevile, Linux huhifadhi saa ya ndani ya tarakilishi kwa majira ya kimataifa, ilhali Windows huyachukulia kuwa majira ya mahali. Matokeo yake ni kuwa nchini Kenya, Windows yaweza kuonyesha saa iliyo nyuma kwa saa tatu. Si hitilafu ya betri. Linux ikiagizwa kutumia majira ya mahali, tofauti hiyo hutoweka.

Kwa kuhitimisha, zizi moja latosha mafahali wawili likigawanywa kwa uangalifu. Asiye na nakala ya akiba ya kazi yake, hata hivyo, asianze kulijenga.