Waridi la Angani ni Nyota Inayokufa

Huenda nawe umewahi kutumiwa katika simu picha ya waridi jekundu la angani, chini yake ikatajwa aya ya 37 ya Surat Ar-Rahman, ikidaiwa kuwa hilo ndilo waridi lililotajwa humo.

Picha ni ya kweli. Ilipigwa na darubini ya Hubble Septemba 1994, na wingu hilo la gesi huitwa Jicho la Paka. Lakini aya inazungumzia kupasuka kwa mbingu Siku ya Kiyama, ilhali wingu hili ni mauti ya nyota moja tu, jambo la kawaida angani. Hata wekundu wenyewe ulichaguliwa: zilipigwa picha tatu, za mwanga wa hidrojeni, wa oksijeni na wa nitrojeni, kisha kila moja ikapewa rangi yake ili zitofautike. Mwenye kuchungulia katika darubini ya kawaida huona doa la kijani. Haifai kuiegemeza aya juu ya rangi iliyopakwa na binadamu.

Mawingu ya namna hii huitwa nebula za sayari, jina lisilostahili, kwani hayana uhusiano na sayari. William Herschel aliyafananisha nazo katika miaka ya 1780 kwa mviringo wake tu. Mwaka 1864 William Huggins aliipitisha nuru ya Jicho la Paka katika kioo kinachotenganisha rangi, akatambua kuwa ni gesi. Mstari wake mkuu wa kijani haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, hata ikadhaniwa kuna elementi mpya. Ilichukua hadi mwaka 1927 kwa Ira Bowen kubainisha kwamba ni oksijeni ile ile tuivutayo, ila katika gesi nyepesi kupita kiasi.

Nyota kama Jua letu, hidrojeni ya kiini chake inapokwisha, huvimba na kuwa nyekundu, kisha huzitupa nje tabaka zake. Kiini kinachobaki, chenye ukubwa wa kama dunia yetu, huwa na joto kali linaloing'arisha gesi ile kwa maelfu ya miaka hadi ikatawanyika. Jua lina takriban miaka bilioni 5 kabla ya kufika huko.

Taa za Kariakoo hazituachii nafasi ya kuona nebula. Hata hivyo, jioni za Desemba, aliye juu ya ghorofa Mchafukoge atazame mashariki: nyuma ya Kilimia huchomoza nyota ya rangi ya chungwa. Waarabu waliiita Al-Dabaran, yaani mfuasi, kwa kuwa hukifuata Kilimia. Hiyo imekwisha kuvimba, kipenyo chake ni takriban mara 44 ya kile cha Jua, ila bado haijazitupa tabaka zake. Iko umbali wa miaka 65 ya nuru hivi, na mwanga wake tuuonao sasa uliondoka huko karibu na wakati Tanganyika ilipopata uhuru.