Muvi zote ndani ya boksi moja: SSD ndogo inatosha, usiuze simu!

Kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Tandika, ukivuka upande wa pili mpaka Mwananyamala na Tegeta, vijana wa jiji hili wana ugonjwa mmoja: kujaza muvi. Flashi imejaa, simu imejaa, laptopu inalia haina nafasi, na bado mtu anakwenda kwa jamaa wa kibanda cha kurusha muvi na kuagiza, "Kaka, niwekee ile sizoni yote." Bando la kuangalia sizoni nzima moja kwa moja kwenye intaneti nani analo?

Ndiyo maana masela wajanja wameingia kwenye dili jingine. Wanachukua kompyuta moja ya mtumba, wanaifunga diski kubwa, wanaiunga na ruta, basi. Televisheni ya sebuleni, simu ya dada na tableti ya mtoto vyote vinavuta muvi humo kwa waifai ya nyumbani, na bando haliguswi hata kidogo.

Boksi la namna hiyo, lenye kazi ya kutunza mafaili ya nyumba nzima, wenye fani wanaliita NAS. Yapo ya dukani, ya Synology na QNAP, lakini bei zake, bwana, ni za watu wa Masaki. Sisi wa huku tunahangaika na mtumba wa Kariakoo na programu za bure. Jellyfin haidai hata senti moja. Ilizaliwa Desemba 2018, pale wenye programu ya Emby walipoacha kuiweka kazi yao wazi kwa kila mtu, na wajuzi waliokasirika wakachukua toleo la mwisho la bure wakaendelea nalo wenyewe. Plex nayo ina jina kubwa, ila tangu Aprili 2025 ukitaka kuangalia muvi zako ukiwa mbali na nyumbani lazima pesa itoke. Kwa mtu wa Yombo ambaye intaneti yake inakuja na kuondoka, mimi nasema Jellyfin, maana hata ruta ikikosa bando, humo ndani muvi zinaendelea kama kawaida.

Sasa mzozo wa vijiweni unaanzia hapa. Mtu kafunga boksi lake, muvi mia tano ndani, anafungua orodha kwenye televisheni, majalada yanatokea moja moja kama abiria wanaoshuka daladala iliyojaa. Shemeji kakaa kwenye kochi anasubiri, soda imeisha. Mjuaji mmoja anasema dawa ni SSD, nunua ya tera mbili umwage muvi zote humo. Mshikaji wangu mmoja wa Tandika alishafika hatua ya kutaka kuuza simu yake ili anunue. Nikamwambia atulie kwanza.

Tuelewane kidogo kuhusu hizi diski. Diski ya kawaida ni sahani inayozunguka, na juu yake kuna kichwa cha kusoma kinachokimbia huku na huku. Ni babu wa mbali sana huyu: IBM waliitoa ya kwanza mwaka 1956, sahani 50, ikabeba kama megabaiti tano tu, yaani wimbo mmoja wa Bongo Fleva ukibahatika. SSD haina kinachozunguka. Ni chipu tupu, ndugu wa flashi yako ya mfukoni, teknolojia aliyoibuni Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980.

Piga hesabu nami. Muvi ya saa mbili yenye ukubwa wa gigabaiti mbili inahitaji kusomwa kama robo ya megabaiti kila sekunde. Diski ya kuzunguka iliyo nzima inatoa megabaiti mia na zaidi kwa sekunde ikisoma kitu kimoja kilichonyooka. Ina maana diski hiyo ya zamani inalisha televisheni yako huku inasinzia! Kuweka muvi kwenye SSD ni kukodi basi la Morogoro kwenda gengeni kununua nyanya.

Tabu iko kwenye vitu vidogo. Kila jalada ni faili lake, kila jina la mwigizaji limeandikwa kwenye daftari la programu, kila mahali ulipoachia muvi jana pamehifadhiwa. Ukifungua orodha, programu inadai vipande mamia kwa mpigo, na kila kipande kimekaa kona yake. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inachukua kama milisekunde kumi na kitu kufika kwenye kipande kimoja. Kwa hiyo inakamata vipande themanini, labda mia, kwa sekunde. SSD hata ya bei ya chini inakamata maelfu mengi. Umeona mchawi alipo?

Basi nunua SSD ndogo. Gigabaiti 120 au 256 zinatosha kabisa. Humo weka mfumo wa kompyuta, Jellyfin yenyewe, daftari lake na majalada yake. Muvi ziache kwenye diski kubwa ya zamani. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za memori zimepanda duniani kote kwa sababu viwanda vinawahi oda za makampuni ya akili mnemba, kwa hiyo mwenye kutaka SSD ya tera mbili leo ajipange hasa.

Nisiwadanganye lakini. Kama tatizo lako ni muvi kukwama katikati, mwigizaji kaachama mdomo dakika nzima, SSD haitakusaidia. Hapo ama waifai haifiki vizuri chumba cha nyuma, ama televisheni yako haielewi aina ya faili na kompyuta inalazimika kuligeuza papo hapo huku prosesa inatoka jasho. Vuta waya kutoka kwenye ruta, au tafuta faili la H.264 ambalo karibu kila televisheni inalisoma.

Kuna faida nyingine ya SSD ndogo ambayo wajuaji hawaitaji, na kwa sisi wa uswahilini ndiyo kubwa. Umeme!

Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na makali ya mgao wa 2023 yalipungua. Sawa. Lakini nguzo ya mtaani ikidondoka na mvua, megawati hazikusaidii. Diski inayozunguka ikikatiwa umeme ghafla katikati ya kuandika ni balaa: faili linaharibika, na ukikatiwa mara nyingi diski yenyewe inazeeka kabla ya siku zake. Programu ikiwa kwenye diski kubwa, diski hiyo hailali, maana programu inachungulia daftari lake mchana na usiku. Ukihamishia daftari kwenye SSD, diski kubwa unaipangia ilale baada ya dakika ishirini za kukaa bure, na ukaguzi wa maktaba unauweka mara moja tu kwa siku. Umeme ukikatika saa nane za usiku unaikuta imelala, kichwa kimeegeshwa pembeni.

Halafu kuna LUKU. Nyumba ya vyumba vinane, mita moja, kila mpangaji anachanga. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 50 saa 24 inamaliza uniti 36 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, karibu nusu imeliwa na muvi zako! Hapo hata ukimwamkia mama mwenye nyumba "shikamoo" mara tatu, marahaba hutaipata. Laptopu kuukuu yenye kula wati 15 inatumia kama uniti 11. Chukua laptopu, hata iliyovunjika kioo, ambayo mafundi wanaiuza kwa bei ya kutupa. Betri yake ikiwa bado ina uhai, umeme ukikatika inakupa muda wa kuizima kwa heshima. SSD inakaa ndani ya laptopu, diski kubwa inakaa nje kwa waya wa USB. Ila ile diski ya nje yenye plagi yake ya ukutani itazimika papo hapo, kwa hiyo tafuta ndogo inayokula umeme wa laptopu.

Kwenye manunuzi, fungua macho. Mjini kuna SSD na flashi zilizochorwa tera mbili kumbe ndani ni gigabaiti 64. Unaingiza mafaili, inakubali, inatabasamu, ukija kufungua hakuna kitu. Ipo programu ya bure inaitwa H2testw: inaijaza diski hadi pomoni, kisha inasoma kila ilichoandika. Muuzaji akikataa usirudishe mzigo ukishapimwa, ondoka dukani.

SSD nayo si malaika. Diski ya kuzunguka mara nyingi inaanza kulia tik tik siku kadhaa kabla ya kufa. SSD inaweza kuamka asubuhi imekuwa jiwe. Kwa hiyo nakala ya daftari la Jellyfin itupie kwenye diski kubwa kila wiki. Daftari likipotea si msiba, orodha ya muvi programu itaijenga upya kwa usiku mmoja.

Msiba uko kwingine. Ndani ya maboksi haya watu hawatunzi muvi za Marekani peke yake. Kuna harusi ya maza na dingi iliyorekodiwa kwenye mkanda wa video miaka ya 1990, fundi kaihamisha kwenye DVD, DVD imechubuka, sasa imebaki faili moja tu duniani. Kuna ngoma ya somo, kuna maulidi, kuna bibi ambaye leo hayupo anacheza taarabu na hela mkononi. Sizoni ikifutika utarudi kwa jamaa wa kibanda. Bibi utamrusha kutoka wapi?

Hayo mafaili ya ukoo ndiyo ya kuyatolea hela ya diski ya pili kabla hata ya SSD. Nakili yote, kisha diski hiyo ipeleke ikakae kwa dada yako Chanika au Bunju, nyumba nyingine, mita nyingine ya umeme, mwizi mwingine. Mwambie asiiazime kwa watoto kuwekea katuni. Kila Idi au Krismasi ukienda kusalimia, beba laptopu, ongeza mapya, na fungua mawili matatu uone kama yanacheza.